Mapipa Yaliyosamehewa

Mukhtari aliposhuka kisiwani Chula na kumwona mpishi akikaanga mahamri hatua chache tu kutoka kwenye mapipa ya dizeli, moyo wake ulijaa furaha. Mwingine angekimbia. Yeye alisimama, akavuta pumzi, akamshukuru Mola aliyewaumba wazembe ili wajanja wasilale njaa.

Mapipa yale yalikuwa ya Abdulhamid, mkandarasi kutoka Kismayo aliyepewa kazi ya kusawazisha kiwanja cha kiwanda cha barafu. Matrekta yake mawili yalinguruma kutwa nzima, na mafuta yake yalisimama juani, vizibo vimelegea, na mahali pa kimoja pamezibwa kwa tambara. Abdulhamid alikuwa na fedha ya kununua trekta la tatu, lakini ukimtajia banda la makuti alikuuliza kama umewahi kuona pipa likiugua kwa jua.

Mukhtari naye alikuwa na shida yake. Mkewe, Hasina, alikuwa amerudi kwa mama yake Kismayo na kumwachia neno fupi: akitaka mke, atafute nyumba. Si sebule ya shangazi, si chumba cha rafiki. Nyumba. Alimpenda Hasina kwelikweli, hilo tusimsingizie, na usiku alipokosa mtu wa kumgombeza usingizi haukuja. Dizeli ile ikiuzwa, nyumba ingepatikana na Hasina angerudi.

Akavaa fulana ya kung'aa, ambayo mwenye nayo alikuwa bado anaitafuta kwenye kamba ya kuanikia, akatia na kofia ngumu kichwani, akaenda.

"Nani mwenye maafa haya?" aliuliza kwa sauti kubwa.

"Waryaa, ewe bwana, wewe ndiye nani?" Abdulhamid aliuliza, hamri mkononi.

"Mtaalamu wa usalama wa mafuta. Mhandisi wa wafadhili anakuja kukagua kesho, sivyo? Akikuta moto na dizeli wanapiga soga namna hii, kiwanja chako kitapewa mwingine."

Habari ya mhandisi aliiokota bandarini, ambako siri hukaa muda wa kufunga kamba tu. Hamri la Abdulhamid lilikwama kabla ya kufika mdomoni.

"Pipa halisimamishwi juani," Mukhtari akaendelea. "Likipata joto linavimba. Likipoa linafyonza maji ya mvua yaliyotuama juu yake, kupitia hilo tambara lako. Trekta likinywa maji, mashine imekufa. Pipa hulazwa kivulini, likatiwa kabari lisibingirike, kizibo kikakazwa, mchanga ukawekwa karibu, na moto ukafukuzwa mbali."

Yote hayo yalikuwa sahihi. Huo ndio ulikuwa uhodari wa Mukhtari: alidanganya kwa kutumia ukweli mtupu, na mtu wa namna hiyo humkamati.

"Banda litanila," Abdulhamid alinung'unika.

"Banda la nini? Kisiwa cha pili, Kudha, kuna ghala la kisasa, sakafu ya saruji. Nikuachie mapipa mawili hapa, tuyalaze vizuri yapendeze. Mengine nayapeleka huko, mkaguzi akiondoka nayarudisha."

Abdulhamid hakuwahi kukanyaga Kudha. Aliposikia kwamba hatajenga kitu, akasema, "Peleka sasa hivi, mbona unanichelewesha?"

Mapipa yalipakiwa kwenye mashua ya Nahodha Nasrudin. Njia nzima Mukhtari aliwahubiria mabaharia juu ya vivuli, kabari na vizibo, mpaka mmoja wao akajifanya amelala. Walipofika katikati ya safari, bahari ikiwa imetulia kabisa, alitega sikio kwenye pipa na kuruka nyuma.

"Limevimba! Yatapasuka yote! Nahodha, tuyatose!"

Nasrudin aliligonga pipa kwa kidole, akasema kwa lafudhi yake ya visiwani: "Mimi sioni kichu."

"Wewe ni mtaalamu?"

"Mimi mchu wa bahari. Mwenye shehena akitaka itoswe, tutaitosa. Lakini kwechu haitoswi ovyo. Wakili wa mwenye mali husimama, akasema mara tatu mbele ya mabaharia kwamba ameisamehe, haidai tena. Kesho pasije mchu akasema nahodha kaiba."

Mukhtari nusura ambusu. Alikuwa anatafuta mashahidi, na hawa hapa wanajileta bure! Akasimama juu ya ubao, mkono kifuani. "Mimi, wakili wa Abdulhamid, nimeisamehe dizeli hii." Akasema tena. Mara ya tatu alitoa na machozi, maana kazi ikifanywa na ifanywe vizuri. Mabaharia wakaitikia kwamba wamesikia.

Mapipa yakatoswa. Dizeli ni nyepesi kuliko maji ya bahari, kwa hiyo yaliibuka yote, yakaelea na kushika njia ya mkondo. Mukhtari alijua hivyo. Mbele kidogo, nyuma ya rasi, rafiki yake Adnan alikuwa akingoja na boti ya mashine ayaokote. Mukhtari aliomba ateremshwe Kudha, akakaa kivulini kumngoja mwenzake, akili yake tayari inachagua rangi ya milango.

Alingoja mpaka alasiri. Aliona watu wakielekea upande wa pili wa kisiwa, akawafuata. Huko aliyakuta mapipa yote yamelazwa chini ya banda la makuti, yametiwa kabari za magogo ya mashua, na mchanga umerundikwa pembeni. Mbele ya banda alikaa mama mmoja mnene, Bi Khamisa, akisimamia wenzake. Kando yake Adnan alikuwa anakula wali kwa samaki.

"Adnan! Ulikuwa wapi?"

"Mashine ilizima. Dizeli iliniishia."

"Unakwenda kuokota dizeli, ukaishiwa dizeli?"

"Niliona kununua ni ufujaji," Adnan alisema, bila kuacha kula. "Mapipa yalinipita karibu, nikayaita. Mkondo ukatuleta wote hapa, yenyewe yakiwa mbele. Hawa kina mama ndio waliotuvuta."

Mukhtari alimgeukia Bi Khamisa kwa adabu zote. "Asalamu alekum, mama. Mapipa haya yana mwenyewe."

"Yana. Mimi na wenzangu."

"Ni ya Abdulhamid wa Kismayo."

"Yalikuwa. Nasrudin katusimulia. Wakili kayasamehe mara tatu, ya mwisho kwa machozi. Kichu kilichosamehewa ni cha aliyekiokota." Akamtazama kuanzia kofia mpaka miguuni. "Na mafundisho yako mabaharia wametupa. Tumeyalaza sawasawa?"

Mukhtari aliyahesabu mapipa kwa macho. Kusema hakusamehe kwa moyo kungekuwa kusema ameiba kwa moyo.

"Sawasawa kabisa, mama," akajibu.

Abdulhamid alikuja akitoa moto puani, matrekta yake yamekauka. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka nayo, kisha akakubali masharti ya Bi Khamisa: trekta moja livushwe kwa tishali, liwachimbie Kudha birika kubwa la kukingia maji ya mvua, naye arudishiwe dizeli pipa kwa pipa kazi ikiendelea. Hasira iliyobaki akamalizia kwa Mukhtari.

"Ulichukua dhamana ya mafuta yangu. Utalala nayo. Ukitoroka, Kismayo nzima itasikia, na mashahidi ninao."

Wakamwekea ukuta wa makuti ndani ya banda na kitanda cha kamba. Habari zilipofika Kismayo, zimekuzwa na kila kinywa zilimopita, zilisema Mukhtari amepata nyumba pwani, nzuri, ina walinzi. Hasina alikuja na godoro, masufuria na jiko la makaa. Mukhtari alipomwona akishuka, alilia, na safari hii hakuyatafuta machozi.

Hasina alizunguka banda, akanusa. Kisha akaweka jiko chini na kutoa kiberiti.

"Hapana," Mukhtari alisema haraka. "Hapa moto hauwashwi."

"Hata wa chai?"

"Hata wa chai."

"Taa je?"

"Hata taa, Hasina. Nakuomba."

Hasina aliyatazama mapipa, akamtazama mumewe. "Nilikwambia utafute nyumba," alisema. "Hukuelewa nilitaka ya kuishi?"

Akajitwika jiko lake, akahamia kwa Bi Khamisa, ambako chai ilikuwa ikichemka. Mukhtari akakaza kizibo kilicholegea, akakaa nyumbani kwake.