Leo Nimevaa Gari

Leo nimevaa gari. Sikulipanda wala sikuliendesha. Nimelivaa, kama mtu avaavyo kanzu, na nimetembea nalo mbele ya watu wa Bofu kutoka kisimani mpaka nyuma ya nyumba ya Mzee Bakari. Nawaandikia mapema, wenzangu wa kazini, kabla hamjaisikia habari hii kwa mwingine. Kwa mwingine itakuja imetiwa chumvi, na hii imeshakolea.

Habari ya posa yangu mnaijua. Mjomba amekwenda mara mbili kwa Mzee Bakari kumposa binti yake Mwanasha kwa niaba yangu, na mara zote amerudi na jibu lile lile: "Bado tunatafakari." (Wanatafakari nini muda wote huu? Mimi si mtu wa kutafakariwa sana. Ukinitazama umemaliza.) Basi jana Mzee mwenyewe akaniita. Kuna dalali wa Changamwe, anaitwa Kazungu, kapata gari la Mzungu anayeuza vyombo vyake ili arudi kwao kabla ya uhuru. Mzee analitaka limpelekee nazi zake mpaka feri. Ila anaogopa, maana Mzungu huyo alikaa ufukweni, na upepo wa bahari hula chuma kimya kimya.

"Wewe ni fundi," akaniambia. "Njoo kesho unitazamie kutu."

Mimi, kama mjuavyo, ni fundi wa kukalafati mashua. Napachika pamba katika nyufa za mbao, napaka mafuta ya papa, basi. Mbao hazishiki kutu. Hilo ndilo nililopaswa kumwambia Mzee. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema: "Inshallah, Mzee. Kutu naijua vizuri." Mjomba alipopata habari alifurahi mpaka akacheka peke yake. "Huko ndiko kupimwa," akasema. "Ukiliweza hilo gari, mke umepata."

Basi leo baada ya Adhuhuri nikafika. Shati jeupe, kikoi kipya, kikapu cha vifaa mkononi. Gari lilikuwa karibu na kisima, dogo, la kijani, limepigwa rangi mpya mpaka linaumiza macho. Kazungu alikuwa akilipangusa kwa kitambaa. Majirani wamekwisha kukaa barazani kutazama, na dirisha la chumba cha wanawake limeachwa wazi kidogo. (Kidogo tu. Lakini nililiona.)

Nikalizunguka gari polepole. Nikaguna. Nikatoa nyundo yangu ya mti nikaanza kugonga hapa na pale, kama tugongavyo mbao kusikiliza palipooza. Kwenye mbao, mlio wa "bu" ni ubovu. Kwenye bati, sijui. Gari lote lilisema "bu". Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

"Vipi?" akauliza Mzee.

"Lina sauti," nikasema.

(Msiniulize nilikuwa na maana gani.)

Mzee akasubiri. Barazani wakasubiri. Dirisha nalo likasubiri. Hapo ndipo nikakumbuka kazi yangu, na laiti nisingeikumbuka. Mashua tukishaikalafati hatuyaamini macho. Tunaijaza maji ikiwa nchi kavu, kisha tunazunguka nje kutazama wapi yanavuja. Nikajiambia: kutu hutoboa, na tundu ni tundu, liwe la mbao au la bati. Gari likishika maji, halina kutu. Nilijiona nina akili sana, wallahi.

"Leteni maji," nikasema. "Tulijaze."

Kazungu akaacha kupangusa. "Bwana fundi, gari hutiwa petroli. Halitiwi maji ndani."

"Kama halina kutu, waogopa nini?"

Akaanza tena kupangusa, upesi upesi. Mzee Bakari akanitazama, akatabasamu. Tabasamu lile la baba mkwe nililitafuta miezi mingi, na kwa kuliona tu ningelijaza maji hata meli.

Kwanza ilibidi kuziba milango, maana nilijua maji yatapenya pale na kuniharibia hesabu. Nikatoa pamba yangu nikaikalafati milango yote miwili. Kazi safi, hata nyinyi mngeisifu. Kisha majirani wakapanga mstari kutoka kisimani, debe kwa debe, tukimimina kwa dirishani. Maji yakafunika sakafu, yakapanda, yakafika kwenye viti. Nikalala chali chini ya gari, nikatazama. Kavu. Nikapapasa kwa mkono. Kavu kabisa.

(Baadaye tuligundua kwamba Kazungu alikuwa ameipachika sakafu nzima vipande vya bati na lami. Tukiwa waadilifu, tukubali kwamba amekalafati vizuri kunishinda mimi.)

Nikatoka chini nimejaa mchanga, kifua mbele. "Mzee, gari halina kutu. Hata tone."

Barazani wakapiga makofi. Kazungu aliduwaa kuliko wote. Mzee akanishika bega, akasema polepole, ili kila mtu asikie: "Athumani, mwanangu. Mwambie mjomba wako..." Kisha akaligeukia gari. "Lakini maji haya yatatoka vipi?"

Swali zuri. Milango nimeiziba mwenyewe, nayo imeshika haswa. Nikasema si kitu, nitaingia niyafue kwa kata, niyamwage nje, kama tufanyavyo chomboni. Nilitaka amalizie ile sentensi yake upesi. Nikachukua kata, nikapitia dirishani kichwa mbele, nikajigeuza, nikasimama ndani nimeinama, maji magotini.

Nikafua kata ya kwanza. Nikafua ya pili. Chini ya miguu yangu kitu kikasema "bu".

Kisha sakafu ikaondoka. Yote, na bati, na lami, na kiti cha dereva. Maji yakashuka kwa kishindo kimoja, nami nikashuka nayo, mpaka nyayo zangu zikakanyaga mchanga wa Bofu. Nikajikuta nimesimama katikati ya gari, kichwa kimeinama chini ya paa, usukani umenigusa tumbo, sijaumia popote. Nikamshukuru Mungu. Ndipo nikahisi upepo.

Kikoi changu hakikushuka pamoja nami. Kilinaswa na makali ya kutu (ilikuwapo nyingi, sasa niliiona vizuri sana), kikapasuka vipande, na vipande vikachukuliwa na maji mpaka kule walikosimama wenye madebe. Na mnajua, joto hili, mtu ndani ya kikoi huwa hana cha ziada.

Kazungu akaja mbio akaushika mlango. "Toka, bwana! Umenivunjia gari!"

"Sitoki."

"Toka!"

"Kazungu, nakusihi kwa jina la mama yako, uache huo mlango."

Yeye anavuta nje, mimi navuta ndani. Ile pamba yangu ilinisaidia. Namshukuru aliyenifunza kazi.

Mzee Bakari akakaribia, akachungulia dirishani, akachungulia chini, akaelewa. Akajishika kiuno. Wakati huohuo mwadhini akaanza kuadhini Alasiri, na gari limeziba njia ya msikitini. Wazee wameanza kutoka majumbani, na injini imelowa. "Lisukumeni nyuma ya nyumba," Mzee akaamuru.

Wakalisukuma. Nami nikatembea.

Jamani, kutembea ndani ya gari si kazi rahisi. Ukichelewa, kiti cha nyuma kinakupiga nyuma ya mapaja. Ukiharakisha, unajigonga tumbo na usukani. Kwa nje, nimeambiwa, lilionekana gari lenye magurudumu manne na miguu miwili. Tukapishana na Mzee Mwinyi akienda msikitini na tasbihi yake.

"Shikamoo," nikasema, kichwa dirishani. Ningefanya nini, nisimwamkie?

"Marahaba." Akalitazama gari, akaitazama miguu. "Umenunua, Athumani?"

"Bado, Mzee. Nalijaribu."

"Mungu akutilie baraka," akasema, akaenda zake. Mpaka sasa sijui kama alikuwa akinicheka.

Nyuma ya nyumba wakaliacha gari ukutani, chini kabisa ya dirisha la pili la kile chumba cha wanawake. Kazungu na Mzee wakaanza kubishana upande wa pili. Kazungu akasema aliyevunja ndiye aliyenunua. Mzee akamwambia, "Gari kaingia mtu mmoja, tena mwembamba. Ningetia wanangu na nazi zangu je? Fundi wangu kaniokoa." Nilisikia "fundi wangu", lakini furaha ni ngumu kwa mtu aliye nusu uchi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Niliwaza nihamie Mikindani, nibadili jina, niuze mihogo.

Kisha nikatoa kichwa nje, na mkono ukatoka dirishani juu yangu. Mkono wenye bangili, na hina imeanza kufifia. Ukaachia leso, kanga nzima ya kujifunga, ikaniangukia kichwani, ikinukia udi. Ndani ya chumba nikasikia mtu akicheka, kicheko cha mtu aliyejifunga mdomo kwa mto.

Nikajifunga leso. Nikapenya chini ya gari, nikatokea upande wa pili, nikasimama mbele ya Mzee Bakari na majirani wote waliotufuata, na shati jeupe lenye lami na leso nyekundu ya maua. Kazungu akasahau ugomvi wake. Mzee akaiangalia leso kwa muda mrefu.

"Nilikuita unitazamie kutu," akasema. "Kutu nimeiona."

"Ndio, Mzee."

"Hiyo leso ni ya nani?"

"Sijui, Mzee. Imeanguka."

"Mimi naijua. Niliinunua mwenyewe, ya Idi." Akatazama dirishani. Dirisha likafungwa upesi. Akanitazama tena mimi, na mdomo wake ukatetemeka, sikujua kama ni hasira au ni kicheko anachokizuia. "Athumani. Mwambie mjomba wako aje kesho baada ya Alasiri, tuyamalize mambo haya. Mwanamume aliyevaa leso ya binti yangu mbele ya mtaa mzima, mimi nitamtafakari mpaka lini?"

Nikainama kuubusu mkono wake. Akauondoa kwanza, akaongeza:

"Na aje kwa miguu."

Mjomba ameniuliza kwa nini aje kwa miguu. Nimemwambia ni desturi ya watu wa Bofu. Basi chekeni mkitaka, ila harusi ipite kwanza ndipo mumwambie Mjomba.