Samaki Asiye na Kidari

Jumatatu, 12 Agosti 1996. Marangu

Bernadetha bado yuko kwao Kilema. Nyumba kimya. Nimepika mtori wa ndizi mwenyewe, umeungua. Nimempa mbwa, ameunusa akaenda kulala. Nimeula mimi.

Kosa langu, kwa maneno ya watu, ni kwamba nilimbadilisha ng'ombe wake wa maziwa na mashine ya kutotolea vifaranga. Mashine ya kisasa! Ina kioo, ina kipimajoto, ina taa nyekundu. Kila siku redioni wanasema biashara sasa ni huria, kila mtu ajishughulishe. Nikajishughulisha. Jambo dogo tu lilinipita: mashine inatumia umeme, na nguzo za umeme zimeishia kanisani. Bernadetha aliizunguka mashine pole pole, akauliza inakamuliwa wapi. Nilidhani ni utani. Jioni hakuwapo.

Leo jirani yangu Melkior ameleta neno kutoka kwa baba mkwe, Mzee Kornel. Niende na mbuzi, na niende na sale. Mbuzi naelewa. Sale sitaki. Jani la sale likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu, kwetu lina maana moja tu: nimekosa, nisamehe. Na anayeletewa hana ruhusa ya kukataa. Sasa mimi nimekosa nini? Nilipiga hesabu ya biashara. Kilichokosa ni umeme.

Mbuzi sina. Melkior amejitolea kuniazima wake, kwa sauti ya upole kabisa, mkono kifuani. Melkior huyu huyu anayenizibia mfereji kila zamu yangu ya maji ikifika! Nikimpokea mbuzi huyo, nitasimuliwa kwenye kila kata ya pombe ya mbege mpaka siku ya mazishi yangu, na siku hiyo pia. Nimemwambia asante, nina mpango wangu.

Sina mpango wowote.


Alhamisi, 15 Agosti. Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria

Mpango upo!

Baada ya misa nimeteremsha mashine mjini Moshi kwa gari la ndizi, nikaipeleka dukani kwa Mzee Ramnik, muuza vifaa vya ujenzi. Yeye umeme anao. Nikiwa nasubiri amalize kuikagua, nikaona kitu juu ya makopo ya rangi: fimbo nyembamba, nyeusi, ina kigurudumu cha mshipi. Nikauliza ni ya nini. Mzee Ramnik alivua miwani. Alisema alizaliwa Tanga, na ujanani kila Jumapili alikuwa akivua bandarini kwa fimbo hiyo, peke yake, samaki wa kuliwa na mama yake.

Hapo akili ikafunguka. Samaki wa baharini! Mkwe gani, Kilema nzima, amewahi kumpelekea baba mkwe samaki mzima wa baharini? Mbuzi kila mtu anapeleka. Mbele ya samaki wa namna hiyo, nani atakumbuka kuuliza habari ya sale?

Tumebadilishana, mashine kwa fimbo. Mzee Ramnik aliuliza mara mbili kama nina hakika. Nina hakika.

Kisha akanifundisha, katikati ya misumari na mabati. Mshipi ni mwembamba, akasema, haustahimili ubishi. Samaki akitaka kwenda, mwachie aende. Akichoka, kunja pole pole. Akitaka tena, mwachie tena. Ukivuta kwa hasira, samaki anakwenda na mshipi, unabaki na fimbo. Akauliza hajambo mama nyumbani. Nikasema hajambo, yuko kwao anasalimia. Aliniangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nimechimba minyoo kwenye samadi, kopo zima. Minyoo ya Marangu, minono.


Ijumaa, 16 Agosti. Tanga

Nimefika. Joto. Nimevaa sweta, maana niliondoka nyumbani kwenye ukungu, na sasa siwezi kulivua kwa kuwa shati la ndani limechanika mgongoni.

Bahari nimeiona. Ni kubwa kuliko inavyohitajika.

Nimekodi mtumbwi kwa mzee mmoja aitwaye Shekue. Akaniita Mangi, akauliza nimekuja kufungua duka mtaa gani. Nikamwambia nimekuja kuvua. Akawaita wenzake waje kusikia. Alipoona kopo la minyoo alilifunika mwenyewe, kwa heshima, kama anayefunika maiti, akanipa kamba wachache wabichi akasema nijaribu hao. Pia akaniambia jambo kuhusu maji ya mchana. Sikulisikiliza, maana nilikuwa nafikiria uso wa Mzee Kornel.


Jumamosi, 17 Agosti. Bandarini

Siku kubwa. Naandika pole pole.

Niliingia majini alfajiri. Peke yangu. Kuogelea sijui, kwa hiyo nilisali kwanza, kisha nikapiga kafi. Nikaufunga mtumbwi kwenye boya bovu, si mbali na matishari yanayopakua mizigo ya meli. Pande zote kimya. Milima ya Usambara ilionekana kwa mbali, nikafurahi kuona kitu kilichosimama.

Nilitupa mshipi. Ndoana ikanasa sweta. Nikatupa tena, ikanasa boya. Mara ya tatu ikaenda mahali pake.

Nikakaa. Na nilipokaa, likaja lile jambo ambalo Marangu nilikuwa nalikimbia kwa kujishughulisha. Nina upweke. Ndiyo, naandika hivyo hivyo. Kila asubuhi nilikuwa nasikia ndoo ya Bernadetha ikigonga kizingiti akienda kukamua, na nilikuwa nanung'unika kwamba ananiamsha. Sasa naamka mwenyewe, nasikiliza, hakuna ndoo. Nilitokwa na machozi kidogo. Bandarini hakuna anayekujua, unaweza.

Hapo ndipo fimbo ilipopinda!

Kigurudumu kikalia. Mshipi ukakimbia kuelekea kwenye tishari. Mkono wangu wote ulitaka kuvuta, mimi ni mtu wa jembe, nikikishika kitu navuta. Lakini nikamkumbuka Mzee Ramnik. Nikaachia. Samaki akaenda. Akatulia. Nikakunja. Akakasirika akaenda tena. Nikaachia tena. Nilikuwa nasema naye kwa Kichagga, namwambia nenda mama, nenda, hakuna anayekulazimisha, ukitaka rudi. Sijui kwa nini nilimwita mama. Jua likapanda. Mwishowe akaja ubavuni kwa mtumbwi akalala upande, amechoka, ameng'aa kama sufuria mpya. Kolekole! Urefu wa mkono wangu, kuanzia bega.

Nikampandisha. Nikasimama kutafuta shahidi, mtumbwi ukataka kupinduka, nikakaa. Hakuna aliyeona. Jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya, na hakuna aliyeona!

Nikageuka nirudi pwani. Mtumbwi hauendi. Nikachungulia. Maji hayapo.

Naandika ukweli mtupu: maji yalikuwa yanaondoka. Boya limelala chali. Pale nilipopita na kafi alfajiri, sasa ni tope na kaa wanatembea. Jambo la kwanza lililonijia kichwani, Mungu anisamehe, ni Melkior. Nilisimama nikapiga kelele kuelekea ufukweni: nani amefunga mfereji? Zamu ya nani? Mimi sijamaliza!

Vibarua wa kwenye tishari waliacha kazi. Mmoja akajibu kwamba zamu ni ya Unguja, watafungulia jioni. Nilimshukuru. Ndipo nikaona jinsi walivyokuwa wakicheka, wengine wamekaa chini.

Kushuka kwenye tope nikakataa, nina viatu vya harusi. Nimekaa mchana kutwa juani na sweta langu, nimemfunika samaki kwa kofia. Nimesali rozari nzima. Maji yamerudi yenyewe, taratibu, bila mtu kuomba.

Mwanamke anayepaa samaki pale pwani ameniambia nimpasue, nimtie chumvi nimkaushe, atafika Kilimanjaro salama. Nimekataa. Nataka afike mzima. Mnyama wa ukweni hapelekwi amepasuliwa.


Jumapili, 18 Agosti. Njiani na nyumbani

Misa nimeikosa. Samaki amesafiri kwenye gunia, na barafu na maranda ya mbao. Barafu iliisha Korogwe. Mombo abiria wa kiti cha mbele walianza kufungua madirisha. Same kondakta alikuja, akanusa, akauliza kistaarabu kama kuna mgonjwa. Gunia likapandishwa kwenye keria.

Nimefika Marangu. Nimemwosha kwa ndimu na chumvi, nimemlaza chumbani kwa Bernadetha, kwenye baridi. Mbwa hataki kutoka mlangoni. Upande mmoja wa samaki umelegea. Nitampeleka kwa upande mwingine.


Jumatatu, 19 Agosti. Kilema

Kamba ya katani niliyomning'inizia samaki ilikatika nikiwa nimefika uzio wa Mzee Kornel. Samaki akaanguka kwenye matope. Nikamfuta kwa leso. Nikatazama huku na huku kutafuta kitu cha kumfungia, nikachuma jani refu lililokuwa karibu, nikalipitisha kwenye mashavu yake nikafunga fundo, nikaingia nalo mkononi. Nilikuwa na haraka. Nzi walikuwa wameongezeka.

Uani walikuwapo Mzee Kornel kwenye kigoda chake, mama mkwe Priska, na Melkior. Melkior! Amekuja kunisindikiza, anasema, ingawa tulipishana njia. Nyuma ya nyumba mbuzi wake akalia.

Nikatoa shikamoo. Nikamweka samaki kwenye jani la mgomba. Nikarudi nyuma hatua, nikasubiri mshangao.

Mshangao ulikuwepo. Mama mkwe alijikinga pua kwa kanga. Mzee Kornel aliinama, akamtazama mgeni huyo kwa muda, kisha akauliza, taratibu, kama mtu kanisani, kidari kiko wapi. Nikasema samaki hana kidari. Akauliza mguu wa kaka yake Bernadetha. Nikasema hana mguu. Shingo? Hana. Akasema hivi kila mnyama wa ukweni ana mgao wake, kila sehemu ina mwenyewe, toka enzi za babu zake. Sasa huyu ndugu yake nyoka, hana kidari, hana shingo, hana mguu, amgawe vipi, ampe nani nini? Na kwa nini ananuka? Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Melkior alitazama chini kwa heshima kubwa, mabega yakimtikisika.

Nikajua nimekwisha. Bernadetha alikuwa amesimama mlango wa jikoni, upawa mkononi. Amekonda. Aligeuka arudi ndani.

Ndipo Mzee Kornel akanyoosha fimbo yake akagusa mashavu ya samaki. Sauti yake ikabadilika. Akasema: "Sirili. Sale hili umelifunga wewe mwenyewe?"

Nikatazama. Kweli, lilikuwa sale. Uzio wao wote ni masale, na mimi sikuangalia. Mdomo ulikuwa umeshafunguka niseme hapana mzee, hiyo ni kamba tu. Lakini Bernadetha alikuwa amesimama. Hakugeuka, alisimama tu, mgongo kwetu, anasikiliza. Nikamkumbuka yule kolekole alivyotulia kabla ya kuamua.

Nikasema: "Ndiyo, mzee. Mimi mwenyewe."

Mzee Kornel akalifungua fundo kwa vidole vyake, akalichukua jani, akaliweka mapajani. Akasema yamekwisha. Sale halikataliwi. Angepata hilo tu wiki iliyopita, akasema, bila mbuzi, bila mdudu huyu, mtoto angekuwa amesharudi kwake. Mama mkwe akaanza kulia. Bernadetha alijifuta macho kwa upawa, kwa kusahau, akajipaka mtori usoni. Nilitaka kucheka na kulia, nikapiga chafya.

Samaki amezikwa kwenye shina la mgomba. Mbuzi wa Melkior amechinjwa badala yake, kidari kikaenda kwa mwenyewe. Nilikula. Alikuwa mtamu sana. Inaniuma.


Jumatano, 28 Agosti. Marangu

Ndoo imegonga kizingiti asubuhi. Nililala nikiisikiliza, sikunung'unika. Furaha yangu haina kifani.

Mzee Kornel amemkabidhi Bernadetha ng'ombe wa maziwa amtunze. Alisema mbele ya watu wote kwamba ng'ombe ni wake yeye Kornel, maziwa ni ya Bernadetha, na kazi ya Sirili ni kukata majani. Nimekubali. Nakata majani.

Nimefikiri sana juu ya yaliyotokea, na kwa maoni yangu kilichofanya kazi ni samaki. Bila samaki kusingekuwa na mashavu, na bila mashavu hilo jani lingefungwa wapi? Kuomba radhi sikuomba. Niliulizwa nani amefunga, nikajibu. Hata Melkior hawezi kusema vinginevyo, ingawa anasema, kila jioni, kwenye mbege.

Leo nimekutana na Eliezeri wa Kahe. Ana mashine ya kuvuta maji, ya dizeli, haihitaji umeme hata kidogo! Kwa mashine hiyo sihitaji mfereji, sihitaji zamu, Melkior afunge mpaka achoke. Anatafuta ng'ombe. Nimemwambia sina ng'ombe, kuna wa watu tu.

Jioni nimemkatia majani. Nimemtazama sana. Ng'ombe mzuri, mgongo umenyooka. Eliezeri atapita Ijumaa.

Kabla ya kuingia ndani nimepita uzioni, nikachuma sale moja, refu, bichi. Bernadetha akauliza la nini. Nikasema la kufungia mzigo. Liko mfukoni mwangu.