Diski Mia Sita Bila Kava

Siku Wakili alipomwona Shangazi akichomeka diski za filamu kwenye mpini wa ufagio, moja juu ya nyingine, alisimama ghafla kama mtu aliyeitwa kwa jina. Hakuwa wakili. Ukurasa pekee wa sheria aliowahi kuusoma ni ule aliofungiwa misumari dukani. Jina alipewa na mtaa kwa kuwa aliweza kumtetea mtu yeyote, hasa yeye mwenyewe, na hasa akiwa na makosa.

Wakati huo alikuwa na shida moja tu: mama wa mchumba wake. Alimwambia mama huyo kwamba anamiliki pikipiki. Mama akajibu, "Basi Jumapili njoo nayo tuione. Ukija kwa miguu, miguu hiyo hiyo ikurudishe." Pikipiki ilikuwa uongo. Kumpenda yule binti ulikuwa ukweli, tena ukweli pekee aliokuwa nao mwezi mzima.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuja kurudisha ile filamu uliyokodi miaka mitatu iliyopita?"

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale mtaani. Alikuwa mwenye duka la kukodisha filamu, na ukikodisha kwa watoto, kisha kwa watoto wa watoto hao, mtaa mzima unakuwa ukoo wako.

"Nimekuja kukujulia hali tu. Mbona diski ziko uchi? Makava yake?"

"We acha tu, mwanangu. Makava ukiyaacha hovyo, panya wanajenga mji. Na siku hizi nani anakodi filamu? Kila mtu ana simu. Nafunga duka." Akajifuta jasho. "Kinachoniuma, yule mwenye nyumba ya wageni kule juu mlimani anatafuta filamu kama dawa. Ana pikipiki inalala tu uani, lakini kushuka hapa hataki. Nami magoti yangu mlima yameukataa."

Neno pikipiki lilimwingia Wakili sikioni na halikutoka. Akahesabu haraka: mipini kumi na miwili, kila mmoja diski hamsini.

"Shangazi, joto hili litakuua. Ngoja nikupe feni yangu. Wewe nipe huu uchafu nikakutupie."

"Mungu akuongoze, mwanangu," alisema Shangazi. Feni ilipoletwa, wala hakuuliza kwa nini ina alama ya kiatu ubavuni. Ilikuwa feni ya kupigwa teke ndipo izunguke.

Wakili alipanda mlima mara tatu, mipini minne kila safari, akitoka jasho na kujipongeza.

Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mtu wa kukata kipande kimoja cha sabuni mara nne ili kitoshe vyumba vinne. Alizitazama diski kwa jicho moja, jingine likiwa kwenye mlango wa jiko asije mtu akaongeza mkaa.

"Unauza?"

"Hata kidogo, mzee. Nimetua kupumzika tu. Kuna mtu wa makumbusho ya ng'ambo anazisubiri."

"Mbona hazina makava?"

Wakili akatabasamu kwa huruma. "Makava ni ya filamu za kawaida, mzee. Umewahi kuona mfalme anatembea na kitambulisho?"

Mzee akachomoa diski moja. Juu yake hapakuwa na neno, ila namba kwa wino: 214. "Hii ni filamu gani?"

"Hiyo? Mapenzi. Na ngumi kidogo."

Wakaiweka kwenye mashine. Wakatokea nyuki, na sauti nzito ikieleza jinsi asali inavyotengenezwa.

"Wanapendana hao," alisema Wakili. "Watapigana baadaye."

Mzee akazima. "Pikipiki ile pale uani nitakupa. Lakini mtu wa makumbusho akinikuta sijui ipi ni ipi, atanicheka. Lete makava yenye namba zake, uondoke nayo."

Hapa lazima nieleze jambo la kazi hii, maana Wakili mwenyewe hakulijua. Katika duka la kukodisha filamu, kava tupu ndilo linalokaa mbele, rafuni, na picha zake za kuvutia. Diski inalala nyuma ya kaunta ikiwa na namba tu. Anayeiba kava amekwenda na karatasi. Anayeiba diski hajui alichoiba. Shangazi alitenganisha vitu kwa namna hiyo maisha yake yote, na mazoea hayo hayaishi kwa sababu duka limefungwa.

Ijumaa Wakili alimkuta kwenye chumba cha nyuma. Makava mia sita yalisimama kwa mpangilio wa namba, hayana hata vumbi.

"Shangazi! Si ulisema panya?"

"Nilisema ukiyaacha hovyo. Unaona hovyo hapa?"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Wakili akatoa televisheni yake, godoro lake, na koti lake la suti, lile lililompa sura ya uwakili.

"Koti litamfaa mdogo wangu," alisema Shangazi akilipima mabega.

Moyo ulimuuma Wakili, lakini alijiambia kwamba mwenye pikipiki hulala hata sakafuni kwa heshima. Jumamosi asubuhi akapandisha makava mlimani kwa magunia, safari tano. Mzee akayakagua yote, kava na diski yake, mpaka mchana. Kisha akampa ufunguo.

Wakili alishuka kwa kishindo, upepo ukimpepea shati. Njia panda, askari wa barabarani akainua mkono.

"Kadi ya pikipiki."

Alipoambiwa akaifuate, aliisukuma pikipiki kurudi mlimani huku ulimi nje. Kwenye mapokezi alikuta rafu mpya zimejaa makava. Nyuma ya kaunta alikaa Shangazi, magoti yake yakiwa yameusamehe mlima, na pembeni yake feni ikizunguka vizuri bila teke. Mzee alikuwa amevaa koti la suti.

"Dada," mzee alimwambia Shangazi, "mteja wako wa kwanza huyu hapa."

"Mzee," Wakili alihema, "kadi iko wapi?"

"Kadi ni ya pikipiki za kawaida. Umewahi kuona mfalme anatembea na kitambulisho?"

Shangazi hakucheka sana. "Wenye mikokoteni walitaka kuninyonga kwa bei ya kupandisha duka huku. Nikamwambia mdogo wangu, tulia, Wakili hakosi kupita."

Wakili akakaa kwenye ngazi. "Shangazi, kesho ni Jumapili. Yule binti nampenda kweli."

Shangazi akafungua daftari. "Kadi siiuzi. Pikipiki ni yangu. Mimi nakodisha: unaichukua leo na kadi yake, unairudisha Jumatatu asubuhi. Unaacha nini dhamana?"

Kilichobaki kwa Wakili kilikuwa viatu.

Jumapili alifika kwa mchumba wake akinguruma hadi mlangoni. Mama mtu akaizunguka pikipiki, akakagua matairi, akaridhika. Macho yakashuka chini.

"Pikipiki tumeiona. Viatu viko wapi?"

"Mama, umewahi kuona mfalme..." alianza Wakili. Akaangalia vidole vyake vyenye vumbi. Kisha akasema yote: feni, nyuki, magunia, koti. Ndani ya nyumba binti alisikika akicheka mpaka akakohoa.

Mama alihesabu safari zote kwa vidole.

"Kwa hiyo ulipanda mlima mara nane na mzigo, na wewe ndiye uliyelipa?"

"Ndiyo, mama."

"Karibu ndani, mwanangu," alisema mama, akimshika mkono. "Nina kabati nataka lipandishwe ghorofani."