Kamati ya Kutokomeza Kuberega

Wananchi wote wa Haneti mnatangaziwa kwamba kuanzia msimu huu wa mwaka 1993, kuberega ni kosa. Mtu yeyote atakayeonekana anafukia mbegu kwenye ardhi ambayo haijatifuliwa atawekwa mahabusu ya kata, yeye na jembe lake.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Katibu wa Kamati ya Kutokomeza Kuberega, nikaligonga mihuri mitatu. Wala hatukuwaacha watu hivi hivi. Wafadhili walikuwa wametuletea pawatila, trekta dogo la kuongozwa kwa mikono, lenye meno ya kutifua udongo. Tukaifunika turubai, tukaifungia stoo, maana mashine ya serikali haiguswi kabla ya kuzinduliwa.

Asubuhi moja akaja ofisini Mama Lea, mjane mwenye ekari mbili, wajukuu wanne, na nyonga mbovu isiyomruhusu kuinama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bwana Katibu, mawingu yale unayaona? Mvua ya kwanza ikinipita, wajukuu watakula nini? Niacheni niberege nao kama miaka yote."

"Utawekwa ndani, mama."

"Basi nipeni hilo dubwana lenu."

"Halijazinduliwa."

"Loo! Kulima hamlimi, kuberega mnakataza. Mnataka nipande mbegu kichwani?"

Nilimwambia suala lake linashughulikiwa. Sikumdanganya. Mwenyekiti wetu, Bwana Fabian, alikuwa ameshaitisha vikao sita kujadili rangi ya utepe.

Jumatatu ikaja barua kutoka mjini. Mgeni Rasmi angefika Alhamisi, na ndiye aliyekuwa anasimamia zoezi la kupunguza wafanyakazi. Soko huria lilikuwa limeingia, na kamati isiyoonyesha kazi ilikuwa inapewa mkono wa kwaheri. Bwana Fabian aliposoma alikaa chini, ingawa alikuwa amekaa tayari.

Tukachagua shamba la Mama Lea kwa maonyesho, kwa sababu liko kando ya barabara na Mheshimiwa asingechafua viatu. Mchana huohuo tukafanya majaribio. Pawatila ilipogusa ule udongo mwekundu, iliruka kama beberu na kumtupa Mhasibu kwenye miiba. Kitaalamu tukabaini kwamba mashine hii inalima vizuri sana kwenye ardhi iliyokwisha kulimwa.

"Basi palimwe kwanza," akaamua Mwenyekiti.

"Na nani?" niliuliza. Wananchi walikuwa wameshaona mawingu, wote wako mashambani wanaberega, mgambo wetu wakiwemo.

Mama Lea akatoka na mzigo wa majembe, akatusalimia kwa Kigogo. "Mbukwenyi, waheshimiwa. Kamati mko wangapi?"

Tulikuwa saba. Majembe yalikuwa saba.

Tulilima siku tatu. Bwana Fabian, ambaye mkono wake ulizoea muhuri, alitoka malengelenge hadi kwenye kidole cha pete. Mama Lea alituelekeza kwa fimbo: "Chimbueni, msiparue! Huko kuparua ndiko kuberega, nitawapeleka mahabusu!"

Alhamisi Mheshimiwa akakata utepe. Pawatila ikapita bila hata kukohoa, na nyuma yake wajukuu wakaanza kudondosha mbegu kabla hotuba haijaisha. Mheshimiwa alitushika mkono mmoja mmoja, akawa anaangalia viganja vyetu.

"Mama, kweli shamba hili limelimwa na mashine?"

Nilimkonyeza Mama Lea. Akanikonyeza na yeye.

"Mheshimiwa, uongo dhambi. Hilo dubwana leo ndiyo kwanza nalisikia linanguruma hivi. Waliolima ni hawa vijana wako. Na wanalima, jamani! Hawataki dizeli, hawataki spea. Ugali na mlenda tu, wanawaka."

Nikajua tumekwisha. Mheshimiwa akafikiri, akamgeukia karani wake.

"Andika. Kamati hii haipunguzwi. Imethibitika kwamba inafanya kazi."

Tulipiga makofi hadi malengelenge yakapasuka.

"Andika tena. Pawatila ipelekwe Mpwapwa, huku haina kazi. Kamati ibaki. Mwananchi akitaka kulimiwa, aiombe."

Matone ya kwanza yakaanza kudondoka kwenye mbegu za Mama Lea, naye akacheka mpaka akashika nyonga. Gari la Mheshimiwa halijapotea hata machoni, Mzee Yoramu, jirani mwenye ekari tano, akawa ameshamshika Bwana Fabian mkono. Nilidhani anampongeza. Kumbe alikuwa anambinyabinya msuli.

"Huyu," akasema, "nampata lini?"