Mbolea ya Baba Mkwe

Jumatatu, 16 Oktoba 1978
Mkutano wa kijiji hapa Bisibo. Serikali inatoa mbolea na mbegu za mahindi bure, mfuko mmoja kwa kila kaya yenye ekari iliyolimwa. Mimi Shibuda, balozi wa nyumba kumi, ndiye mwandika orodha. Nimeandika kaya kumi na moja. Ya mwisho ni ya Mzee Luhende, baba mkwe wangu, mtu asiye na neno na mtu. Alifariki mwaka sabini na mbili, kabla hatujahamishiwa kijijini. Bwana shamba aliita majina kwa sauti. Alipofika kwa Luhende nikaitikia: yupo, ila anaumwa miguu. Balozi mwenzangu Nyanda ana mifuko kumi tu. Roho yangu imetulia kabisa.

Alhamisi, 19 Oktoba
Limi, mke wangu, alikuwa haongei nami. Leo ameongea, na bora angenyamaza. Anasema kwetu marehemu haitwi bila kumwagiwa pombe, na mimi nimemwita baba yake mikono mitupu, tena nikamjibia kwamba yupo. Sasa atajuaje kwamba hayupo? Nikamwambia ile ni orodha ya serikali, si tambiko. Akaniuliza kama baba yake alijua kusoma.

Jumamosi, 21 Oktoba
Balaa! Bwana shamba atakagua kila ekari Jumanne. Asipoikuta ya Luhende imelimwa, navuliwa ubalozi na kupelekwa polisi Biharamulo. Nikabeba jembe hadi mahame ya mzee, ng'ambo ya kijito. Haishi mtu huko tangu tuhamishwe. Ekari nzima imelimwa. Matuta mapya, udongo bado una unyevu, na wote umeangukia upande wa mtu anayelima kwa mkono wa kushoto. Mzee alitumia shoto. Niliogopa, nakiri. Halafu nikaona kazi imekwisha na sijatoka jasho. Nimerudi napiga mluzi, ila kwa haraka.

Jumanne, 24 Oktoba
Bwana shamba amenisifu mbele ya Nyanda. Anasema Mzee Luhende ni mkulima hodari, na wameketi pamoja penye lango la zizi la zamani. Hapo ndipo tulipomzika. Eti mzee analalamika kwamba mkwe wake haendi hata kumwamkia. Nikasema nitakwenda. Nyanda amenuna mpaka mdomo umepinda, jambo lililonifariji kidogo. Mfuko wa kumi na moja nimeuficha uvunguni.

Jumatano, 25 Oktoba
Uvunguni hakuna kitu. Mlango ulikuwa na komeo. Limi amenionyesha punje nyeupe za mbolea zilizodondoka njia nzima. Nimezifuata hadi kijitoni. Ng'ambo zinaendelea. Sikuvuka.

Ijumaa, 3 Novemba
Vita. Malori ya jeshi yanapita kwenda kaskazini. Mkutano umeamua kila kaya iliyopata mbolea itoe mtu wa mgambo, mabalozi wabaki. Nikasimama kumtetea Luhende: mzee mno. Katibu wetu Modestus akasema limeshazungumzwa. Alipita mahameni asubuhi, na mzee mwenyewe amesema mkwe wake atakwenda badala yake, na nyumba zangu kumi azishike Nyanda pamoja na zake. Nilitaka kusema kwamba mzee huyo amekufa. Nikaufikiria ule mfuko, na polisi. Nikasema sawa. Limi alilia, kisha akanifungia viazi vikavu.

Jumatano, 15 Novemba
Kambini. Miguu imevimba. Naiogopa vita, na nimemkumbuka Limi kuliko nilivyodhani. Leo karani anaandika wategemezi wetu. Kila mmoja atapata mgao wa unga huko nyumbani. Ninaye Limi tu. Nimesema watano. Baada ya Limi nikamtaja mama mkwe, Secilia, marehemu naye, mwanamke asiyekula sana. Karani alilisoma jina kwa sauti, na nyuma ya hema mwanamke mzee akakohoa. Karani akaacha kuandika, akanitazama. Nikamwambia aendelee, bado wako watatu.