Gari Nyuma ya Chumba cha Gladness

Jumatatu, 2 Juni 2025. Nzuguni.

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Hakusema utasimama lini. Nilimwomba tarehe ya kukadiria tu, maana nilikuwa mkaguzi wa shule na nimezoea makadirio. Akasema tusubiri vipimo. Nina miaka themanini na mmoja. Kusubiri nimewaachia vijana.

Kwa hiyo naanza daftari la kuungama. Dhambi kubwa ni moja. Mwaka 2004 nilipostaafu, mke wangu Loisi aliniomba kitu kimoja: mashine ya kusaga. Nikamwambia kiinua mgongo kimeliwa na makato. Hakikuliwa. Nilinunua gari la spoti.

Jekundu. Milango miwili. Taa zinachomoza kwenye boneti ukibonyeza kitufe, kama macho ya chura. Lilikuwa la mhandisi mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Nililiendesha mara tatu. Kisha nikalificha Chamwino, ndani ya nyumba ya tembe ya mdogo wangu Filipo, na Loisi akaendelea kubeba debe la mtama kwenda kwenye mashine za watu. Mpaka leo.

Kesho namwambia.

Jumanne, 3 Juni

Sijamwambia. Kumetokea jambo.

Nikiwa kwenye foleni ya kupima presha, maofisa wawili mbele yangu walikuwa wakiangalia picha za magari kwenye simu. Mmoja alilalamika kwamba spoti za zamani zimepanda bei hadi ni aibu. Lile alilolikataa mwaka juzi kwa milioni kumi, sasa mwenyewe anataka ishirini na tano. Mwenzake akasema na bado, zitapanda.

Nikasogeza kiti. Nikauliza, kwa adabu, ni spoti za aina gani. Wakaniangalia, wakaangalia fimbo yangu, wakanionyesha picha.

Taa zinazochomoza.

Presha ilipopimwa nesi aliniuliza kama nimetoka kukimbia.

Mtu hawezi kuungama dhambi asiyoijua thamani yake. Nitafanya utafiti kwanza.

Jumatano, 4 Juni

Nilimwambia Loisi narudi kliniki. Nikapanda bajaji hadi Kizota, kwa fundi Msafiri, anayefufua magari ya zamani. Nilitaka kujua tu: kitu kinachozeeka kinapataje bei? Mimi nazeeka na sijaona mnada.

Msafiri alifuta mikono akanieleza. Gari la spoti wenyewe huliendesha kwa fujo, hivyo mengi yamekufa. Yaliyobaki ni yale ambayo hayakuendeshwa. Na la Dodoma lina bei kuliko la pwani, kwa sababu huku ni kukavu, halili kutu. "Mzee wangu, ukiona moja limekaa tu ndani, miaka, bila kuguswa, usiliguse. Niite."

Nikamuuliza, je, yanastahili bei hiyo? Akacheka sana. Alisema anayeuliza hivyo huwa si mnunuzi.

Nikamwambia nina rafiki mwenye moja.

Alhamisi, 5 Juni

Msafiri amempata mnunuzi. Anaitwa Aneth, ana miaka arobaini na kitu, anafanya kazi ofisi za Bunge. Tulikutana gereji saa ya chakula. Aliniamkia vizuri, shikamoo baba, akaagiza soda mbili. Milioni ishirini na sita bila kuliona, kama kweli halina kutu.

Nilimuuliza atalifanyia nini. Linakaribia kugusa ardhi, na barabara za mtaani kwetu zina mashimo ya kuzikia ndama. Akasema ataliendesha Jumamosi tu, kwenye lami tu. Nikauliza faida yake iko wapi.

"Halina faida, baba. Ningetaka faida ningenunua kiwanja. Wiki nzima nakaa kwenye vikao. Jumamosi nataka kukaa kwenye kitu kisicho na ajenda."

Nimelifikiria hilo jibu jioni yote. Mimi nilizunguka wilaya nne miaka thelathini na moja, nyuma ya gari la serikali, magoti yakigonga kidevu. Labda nami nilitaka kukaa chini mara moja tu.

Mpango: kuuza kimyakimya, kununua mashine ya kusaga, kisha kuungama huku mashine inanguruma. Ataungamiwa na kufurahishwa siku hiyo hiyo.

Ijumaa, 6 Juni. Chamwino.

Gari halitoki.

Nilipolificha, chumba kile kilikuwa cha mwisho kwenye tembe na kilikuwa wazi upande mmoja. Filipo aliuziba upande huo kwa ukuta, akaacha mlango mdogo wa mtu upande wa uani. Nililijua hilo. Nisilolijua ni kwamba mwanawe Raphael alipooa, walimwongezea chumba kama ilivyo desturi, na wakakiegemeza kwenye ukuta ule ule. Kwa hiyo sasa nyuma ya gari langu kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna chumba cha kulala cha Gladness, mke wa Raphael.

Niliuliza kuhusu kuta nyingine. Filipo akaniuliza nilisomea nini hasa. Kuta nyingine zinashika miti ya paa, na juu ya miti kuna udongo wa tani kadhaa. Ukigusa hizo, gari litazikwa. "Njia ni moja tu, kaka. Kitandani kwa mkamwana wako."

Ndiyo shida. Gladness ni mke wa mtoto wa mdogo wangu, kwa hiyo ni mkamwana wangu. Mkwe mwanamume haingii chumba cha mkamwana. Sijawahi hata kukitazama kile chumba. Nikipita uani natazama mbuzi.

Gari lenyewe linang'aa. Kuku watatu wanalalia mayai kiti cha nyuma. Filipo anasema hawachafui, wamezoea.

Jumamosi, 7 Juni

Gladness amekataa. Alipiga magoti, akaongea akitazama chini, sauti laini kabisa, na hakuna waziri angeweza kumtikisa. Raphael yuko machimboni Geita hadi Agosti, naye amesema kwa simu uamuzi ni wa mkewe. "Baba mkubwa, chumba hiki alinikabidhi mama mkubwa Loisi, kwa kuwa mama mkwe alishafariki. Hakibomolewi kwa neno la wanaume peke yao. Mama mkubwa aje aseme."

Nikamwambia Loisi anaumwa, hawezi kusafiri.

Jumapili, 8 Juni. Nzuguni.

Tumetoka kanisani tukamkuta mwendesha bodaboda getini na jogoo amefungwa miguu. Kutoka kwa Gladness. Supu ya mgonjwa.

Loisi alimshika jogoo, akanitazama muda mrefu. Akauliza ni nani katika nyumba hii anaumwa. Nikasema mimi, moyo. Akasema jogoo ameandikiwa jina lake yeye. Kweli, kulikuwa na karatasi mguuni.

Nikasema Gladness amechanganya. Loisi akasema Gladness hajawahi kuchanganya kitu tangu alipoolewa.

Tumekula jogoo. Sikusikia ladha.

Jumatatu, 9 Juni

Nimejaribu njia ya maandishi. Niliandika barua fupi: "Mimi, Loisi, naridhia ukarabati wa tembe." Nikampa asaini wakati anachambua mchicha, bila miwani. Akaenda kuchukua miwani. Akauliza ukarabati gani, kwa nini, na tangu lini Filipo anaomba ruhusa kwa barua.

Aneth amepiga simu. Amepata lingine Arusha. Ananisubiri hadi Jumamosi, kwa heshima ya umri wangu.

Moyo uligonga kama mdai mlangoni.

Nimemwambia Loisi. Jikoni, nimesimama, nimeshika meza. Kiinua mgongo, gari, tembe, chumba cha Gladness, mnunuzi. Vyote kwa pumzi moja, kama ripoti ya robo mwaka. Nilitaka kuungama kwa sababu nakufa. Ukweli, na hili daftari ndilo la ukweli, nimeungama kwa sababu nilihitaji mtu wa kuingia chumbani.

Alizima moto wa mchicha.

Jumatano, 11 Juni. Chamwino.

Loisi aliamuru twende. Njia nzima alitazama dirishani.

Akaingia kwenye chumba cha gari, akawatoa kuku mmoja mmoja, akaketi kwenye usukani. Mimi nikabaki mlangoni. Akauliza kitufe kile ni cha nini. Betri ilikuwa imekufa, taa hazikuchomoza. Akauliza nililiendesha mara ngapi.

Mara tatu.

"Na mimi nimebeba debe mara ngapi?"

Mkaguzi akajibu kabla ya mume. Mara mbili kwa mwezi, miaka ishirini na moja. Mara mia tano na nne.

"Basi gawanya, Baba Anna."

Mia moja sitini na nane. Kila mara niliyoendesha mimi, yeye alikwenda mashineni mara mia moja sitini na nane. Nilitaka sana kujua kama gari lile lilistahili, nikauliza fundi, nikauliza mnunuzi. Hesabu ilikuwa ya darasa la nne.

Alikaa mle ndani karibu saa nzima. Alipotoka alisema kiti ni kizuri. Kisha akaenda chumbani kwa Gladness, wakafunga mlango. Nikasikia wanacheka. Sijui walichekea nini na sitauliza.

Jumamosi, 14 Juni

Limetoka.

Masharti ya Loisi: mwanamume haingii chumba cha Gladness. Si mimi, si Filipo, si Msafiri. Wanawake walivunja kuta mbili kwa majembe. Wanawake kumi na mmoja wa jirani walisukuma, na Aneth wa kumi na mbili, amevua viatu vya ofisini. Loisi alishika usukani. Hajawahi kuendesha chochote maishani.

Mimi niliketi kwenye kigoda, mgongo umeelekea tembe, kama inavyompasa mkwe. Msafiri alisimama karibu nami amefumba macho kwa heshima, akipaza sauti.

"Kulia kwako, mama! Kulia!"

"Kulia nimeijua kabla hujazaliwa," ilijibu sauti ya Loisi.

Kioo cha pembeni kikasikika kinavunjika. Vigelegele. Kisha gari likapita mbele yangu taratibu, jekundu, vumbi la udongo juu ya paa, na mke wangu ndani, kidevu juu. Hajawahi kuonekana hivyo kwenye kitu nilichomnunulia. Basi, sikumnunulia.

Nilimnong'oneza kwamba bei bado inapanda. Tukisubiri hadi mwakani tunaweza kupata thelathini. Akaniambia mtu ambaye moyo wake haujulikani kama utafika Agosti asipange ya mwakani.

Aneth alitaka kupunguza bei kwa ajili ya kioo. Walizungumza pembeni na Loisi. Bei ilibaki ile ile.

Jumanne, 17 Juni. Nzuguni.

Loisi amemaliza kila kitu kwa siku mbili. Gladness anajengewa vyumba viwili vya matofali ya kuchoma. Mashine ya kusaga imenunuliwa, itafungwa Chamwino, Gladness ataiendesha na faida watagawana yeye na Loisi. Mimi sikuulizwa.

Jioni alinipa bahasha yenye pesa za vipimo vya moyo. Alhamisi, saa mbili asubuhi, bila kula. Akasema amenisamehe. Alilisema akikunja nguo, kama anavyosema chai iko tayari. Nililia kidogo. Sijawahi kuwa mwepesi hivi. Nilidhani daftari hili sasa linaweza kufungwa.

Alhamisi, 19 Juni

Niliondoka saa moja kamili, sijala. Nilimwambia dereva wa bajaji hospitali. Lakini Kizota haiko mbali sana ukizunguka, na nilitaka kumshukuru Msafiri.

Alikuwa amefunika kitu kwa turubai. Niliuliza tu. Pikipiki ya mashindano, ya miaka ya sabini, ya mmisionari. Msafiri anasema magari yameshapanda, sasa ni zamu ya pikipiki. Miaka mitano, bei mara tatu. Nilimuuliza inakuwaje. Akanieleza. Inaeleweka kabisa.

Bahasha ilitosha malipo ya kwanza.

Siwezi kuipanda, mguu hauinuki. Nimeikalia tu, na Msafiri akaishikilia isianguke. Moyo ulipiga vizuri sana, nimeuhesabu mwenyewe kwa saa ya mkononi: sabini na mbili kwa dakika. Hicho ni kipimo pia.

Loisi ameuliza daktari amesema nini. Nimesema tusubiri.