Maji Mafu Hayaui Mtu

Mtongwe, Likoni
14 Juni 1961

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Merikebu Kongwe,

Baada ya salamu na heshima unazostahili, nalalamika hivi:

1. Tangu Kamati yako ije kupima merikebu ya kale iliyozama hapa kwetu, jirani yangu Kalama amekatazwa kutega madema yake pale mpaka upimaji uishe. Upimaji hauishi. Mkewe, Mbeyu, asema watoto sasa wanatowelea sima kwa hadithi za samaki.

2. Hauishi kwa sababu mpimaji wako hutoka na mashua ya Kalama siku za bamvua tu, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, mvua ikipiga. Mara nne ameteremsha kamba ya kupimia, mara nne imerudi na mwani. Mara ya tano alirudi yeye, kamba imemfunga miguu.

3. Kalama alimsihi: "Bwana, ngoja maji mafu. Bahari huwa imelala, utaona hata misumari." Mpimaji akabadilika rangi. Akafungua kijitabu chake cha maneno ya Kiswahili, kilichobanduka jalada, akatufasiria: maji mafu ni maji yauayo. Mbeyu alicheka hata akakaa mchangani. "Mama wee! Basi sisi tumezikwa mara ngapi?"

4. Nani alitunga kijitabu hicho? Huyo akiuziwa ndizi mkono wa tembo atamwita Bwana Nyama wa serikali aje kumlinda tembo! Wallahi, mwamba uliizamisha merikebu ile mara moja. Yeye anaizamisha mara mbili kila mwezi.

5. Nadai mtungaji huyo atafutwe, anyang'anywe kalamu, ashike kamba yeye siku ya bamvua, na kila jioni ampelekee Mbeyu kitoweo mpaka merikebu ipimwe.

Wasalimie wajumbe wote, na mpimaji wako, ambaye nasikia ameshikwa na mafua. Mwambie nayo hayaui.

Mimi nisiyenyamaza,
Mohdhar bin Shee

Tanbihi: Kalama ameniletea jalada aliloliokota ndani ya mashua akikumba maji kuyatoa. Jina la mtungaji lasomeka vizuri. Ni langu, mwaka 1938, nilipokuwa kijana mwenye Kiingereza kingi. Mpimaji na angoje maji mafu. Ila dai la tano nakusihi ulifute. Mbeyu hakubali, kwani nilikwisha kuwasomea yeye na Kalama barua nzima kwa sauti. Samaki wawili wa leo, aina ya changu, amewapokea, akaniuliza: "Na kesho, mwalimu?"